Sauti Moja

Kitabu nilikisoma nyumbani Nakwa, mchana tu, kwa sababu jua likizama nisingethubutu. Kilisimulia kiumbe kilichotoka sayari ya mbali. Kinabisha hodi mlangoni, na ukijibu tu, kinaichukua sauti yako na kuitumia kuwaita ndugu zako. Niliogopa, lakini kukiweka chini nilishindwa.

Filamu yake ilipofika mjini, nikaenda kuiangalia kwenye banda la video. Ilikuwa imetafsiriwa, yaani DJ mmoja anaongea Kiswahili filamu ikiendelea, na yeye ndiye baba, ndiye mtoto, ndiye polisi. Siku zote jambo hilo huniudhi. Safari hii nikaganda kwenye benchi. Mama wa kwenye filamu aliongea kwa sauti ya DJ, na kiumbe kikamjibu kwa sauti hiyohiyo. Sikujua tena nani bado ni mtu. Hata kitabu hakikunitisha hivyo.

Asubuhi yake nilikuwa chumbani nakunja nguo, jirani akaita nje, "Hodi!" Mdomo ukagoma. Nikajikasirikia, mtu mzima mimi, naogopa kusema karibu! Akarudia, "Hodi wenyewe!"

"Karibu!" sauti yangu ikajibu kutoka jikoni.

Nilijua ni binti yangu. Hata kwenye simu watu hutuchanganya. Nilijua kabisa. Lakini aliponiita, "Mama, njoo, una mgeni," sikuitika.