Kuku wa Arobaini ya Binti Yangu

Kuku wa kienyeji hafungiwi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyofuga hapa Ganda miaka yote. Asubuhi unafungua kibanda, wanatoka kwa fujo, wanasambaa chini ya mikorosho wakipekua majani na kula mchwa, na jioni wanarudi wenyewe. Anayekwambia ni kazi rahisi hajafuga. Mimi nilikuwa na jicho. Mwewe nilimjua kwa kivuli chake. Kicheche nilimzibia kila tundu. Jirani alipopulizia dawa mikorosho yake, nilimfuata kumuuliza ni dawa gani na kuku wangu wakae ndani mpaka lini. Akanicheka, akasema nawatunza kuliko mume. Nikamjibu kwamba mume ana mikono.

Mwaka ule nilikuwa na sababu ya ukali wangu. Binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mtu huja kujifungulia kwa mama yake. Siku arobaini mzazi hakai na ufagio wala ndoo. Kazi yake ni kunyonyesha na kula. Hupewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji, kuku aliyekimbia akakomaa mifupa, si yule mlaini wa dukani anayevunjika kabla maji hayajachemka. Kliniki walikuwa wamemwambia damu yake ni kidogo. Basi mimi nikiwatazama wale kuku nilikuwa namwona binti yangu anasimama tena kwa miguu yake. Alikuwa akinipigia simu, hata salamu hajamaliza, anauliza, "Mama, yule jogoo mwekundu bado yupo?" Namwambia yupo, anakungoja wewe.

Ndipo dada yangu akaja kutoka Vitengeni, alikoolewa. Huyu ni dada aliyenibeba mgongoni mama alipokwenda shamba. Alishika tenga la kuku.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hawa nakuletea unifugie. Kwangu hakuna wa kuwatazama. Wakitotoa tutagawana."

Ni desturi yetu, hakuna cha kushangaza. Ndugu humpelekea ndugu kuku, vifaranga vikagawanywa nusu kwa nusu, na udugu ukazidi kunenepa. Nilifurahi. Hata hivyo nilichungulia tengani.

"Mbona huyu mmoja amejikunyata?"

"Safari hiyo. Jua la leo si unaliona wee mwenyewe?"

Nikawafungulia, nikawawekea maji katika sufuria ile ile ya kuku wangu. Kisha nikamwita jirani anichinjie jogoo mmoja, maana dada hatoki kwangu na mdomo mkavu. Akala akanyonya mpaka mifupa, akanisifu kwa nazi kuwa nzito, akaenda zake.

Yule aliyejikunyata alikufa. Nikasema joto. Halafu tetea wangu akashusha mabawa kama mtu aliyelowa mvua. Wengine wakaanza kuhema midomo wazi na kuharisha kijani. Jogoo mwekundu alipinda shingo, akawa anazunguka pale pale uani, kichwa kimetazama juu, miguu haijui iendako. Nilimshika nikamnyoosha shingo kwa mikono yangu, nikimwachia inarudi kupinda. Nililia. Watu hucheka mtu mzima akimlilia kuku, na wacheke.

Daktari wa mifugo alifika kutoka Malindi akasema ni kideri. Akaniuliza kama kuna kuku mgeni aliyeingia hivi karibuni.

"Hakuna," nikamwambia.

Sikumdanganya. Kuku wa dada yangu wangekuwaje wageni kwangu? Yeye akatazama lile tenga lililokuwa limeegemea ukuta, akauliza ni la nani, nikamwambia la dada. Kisha akanieleza taratibu kwamba kuku hubeba ugonjwa huo kabla hajaonekana mgonjwa. Anatembea, anakula, hata anataga, kumbe anawamwagia wenzake. Huingia kwa maji, kwa kinyesi, kwa soli ya kiatu, hata kwa tenga tupu. Dawa ya kutibu hakuna. Chanjo ipo, lakini humfaa aliye mzima bado, na wangu hawakuwa wazima tena.

Unajua nilifanya nini? Nilimpigia dada simu kumwonya. Niliona naye hajui, labda na wake wamo hatarini. Nikamwambia, dada, kideri hicho, watazame waliobaki. Akasema pole sana, chimba shimo refu uwafukie, usiwatupe mbwa wakawaburura. Nikamshukuru kwa kunipa la kufanya.

Binti yangu akaja na tumbo lake akaukuta ua kimya. Hakuuliza habari za jogoo. Alijifungua salama mtoto wa kiume, nami nikampikia samaki, kunde, na kuku wa dukani niliyemkaanga kwanza ili asiyeyuke. Alikula bila kulalamika. Ningependa angelalamika.

Dada akaja kumwona mtoto, na leso na sukari. Tulikaa barazani tukisubiri mzazi amalize kuoga. Tukaongea haya na yale, na katika kuongea akataja kuku wa wifi yake, dada wa mumewe, jinsi wanavyotaga.

"Si nami nilimpelekea baadhi ya wangu wakati ule? Ila nilimwambia awatenge mbali na wake, maana kwangu walikuwa wameshaanza kufa."

Alilisema kama mtu anayesimulia mvua ya juzi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

"Wifi ulimwambia?"

"Ningeachaje? Yule ni mtu wa kando. Wangekufa wake, ningesemwa mpaka Kilifi."

"Na mimi je, dada?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na huo mshangao ndio ninaoushindwa mpaka leo. "Wewe si ndugu yangu? Nilijua hata wakifa, utanisamehe."

Kumbe ndivyo alivyonihesabu. Ukweli alimpa yule anayemwogopa, na mimi anayenipenda akanipa tenga. Nilitafuta tusi nikalikosa. Dada yako huna tusi la kumpa ambalo halikurudii mwenyewe. Akasimama, akajitandazia leso begani, akanyoosha mikono.

"Haya, niletee mjukuu wangu nimbebe."

"Amelala," nikamwambia.

Ndani mtoto alikuwa analia kwa sauti yake yote, na sote wawili tulikuwa tunamsikia.