Dalali na Mpangaji Asiyeitika

Dalali wetu ni mrefu kama ngazi, na sauti yake inakwaruza kama bawaba zisizotiwa mafuta. Akikuonyesha chumba, kwanza anagonga kuta, anafungua bomba, ananusa pembe zote, kisha anafuta mikono kwenye suruali hata kama hakushika kitu. Siku moja jioni alimleta dada mmoja, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Alikotoka walimfukuza kwa ajili ya kabila lake. Mama mwenye nyumba wetu naye kabila hilo halitaki. Aliposikia tu lafudhi ya mgeni, chumba kilichokuwa kitupu tangu mvua kikajaa papo hapo.

“Kina mtu,” akasema.

Dalali hakubisha. Akaenda mlangoni, akagonga kwa adabu zote. “Hodi, jirani! Hodi humo ndani!” Wapangaji tukatoka, wengine na miko mikononi. Akatega sikio. “Mama, mbona haitiki? Anaumwa?”

“Amelala.”

“Usingizi gani huu? Jamani, mtu asije akatufia humu! Leteni shoka.”

Mimi na kiherehere changu nilikuwa nimeshalileta. Mwenye nyumba akakimbilia ufunguo, maana ule mlango anaupenda kuliko mumewe. Ndani tukamkuta buibui peke yake. Tukacheka mpaka tukashikana mabega, na godoro tukalipokea sisi wenyewe.

“Kumbe mpangaji katoka,” akasema dalali, uso mkavu kabisa. “Dada, ingia umsubiri.”

Ameshatundika pazia, mtoto ameanza shule, na bado anamsubiri.