Chembe Nyeupe Kwenye Udongo

Wifi ya mfinyanzi, aliyefanya naye kazi karakana moja, ndiye aliyeharibu udongo, kisha akamtupia yeye lawama mbele ya mwenye karakana. Alikikwangua kwa kisu kibao cha plasta, kile cha kunyonyea udongo maji, na vilivyobanduka akavitumbukiza kwenye pipa la mabaki ya udongo yanayokandwa upya. Chembe ya plasta, hata ndogo kama punje ya mtama, hupasua chungu. Vyungu kumi na viwili vikapasuka. Mwenye karakana akamwambia mfinyanzi kwamba kikipasuka kimoja tena, avue aproni aende zake. Miaka kumi na tisa ya kazi ikaning'inia kwenye kitu kisichoonekana kwa macho.

Akaanza upya. Aliuanika udongo wote ukakauka kau, maana wenye unyevunyevu haunywi maji, unabaki mabonge. Akauponda, akauloweka siku mbili bila kuukoroga, ukalainika wenyewe kama uji. Akauchuja kwa kitambaa, akauchuja tena. Chembe nyeupe zikabaki kitambaani. Angezionyesha, wifi angesema amezitia mwenyewe. Akazifunga kwenye karatasi, akaiweka. Kibao hakukigusa, udongo aliutandaza juu ya shuka kuukuu, kisha akaukanda hadi ukakubali kukunjwa bila kuchanika.

Vyungu alivyoufinyangia udongo huo vikatoka tanurini vizima. Wenzake wakampongeza, yeye akavipanga rafuni, akaanza kuhesabu siku. Plasta ina inda: hutulia motoni, kisha huvuta unyevu wa hewani na kupasua chungu siku ya tatu, au ya tano. Wiki nzima mikono ilikuwa kazini, masikio rafuni. Siku ya tano kitu kikalia ta. Akageukia rafu. Kumbe ni wifi ameweka kikombe mezani.

"Mbona unashtuka, wifi? Au mikono yako inakusuta?"

"Mikono yangu naijua. Wewe kisu chako umekiweka wapi?"

Wifi akakichukua tena kikombe, akakifuta ingawa kilikwisha kukauka.

Siku ya nane vyungu vikapakiwa, vyote vizima. Aproni hakuivua. Lakini hadi leo kitu kikigonga tu, roho inamruka. Karatasi ile anayo. Na wifi bado anadaiwa maneno machache, ayaseme kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mwenye karakana: "Aliyekwangua kibao ni mimi."