Ekzosi ya Shunpei

Kama kuna mtu hapa Maebashi aliyeichukia ekzosi, bomba la moshi la gari, ni mzee Kuramochi. Enzi za uhai wa mwanawe Shunpei, baba na mtoto hawakuiva chungu kimoja kwa sababu ya gari lile la spoti. "Ng'oa dude hilo, majirani wanatusema!" Shunpei anacheka tu. Mama yake, Sadae, akilisikia kule mteremkoni, anaanza kupasha supu.

Sasa Shunpei amekufa, moyo ulimsimama ghafla, na hii ndiyo Obon yake ya kwanza, siku wafu wanaporudi makwao. Balaa ni kwamba tangu azikwe, wazee walishahamia nyumba nyingine.

"Atatupataje, baba Shunpei?" Sadae alilia. "Nyumba hii haijui. Anachokijua ni mlio wa gari lake."

Na ekzosi yenyewe ilikuwa imeliwa na kutu, imedondoka vipande vipande. Wenzake huwatengenezea wafu wao farasi wa tango, ili wapande kurudi nyumbani. Mzee akalipeleka gari gereji.

"Ile haitengenezwi tena," alisema fundi Iwase, aliyesoma na Shunpei. "Tutafute inayofanana nayo." Akafunga ya titani, akapiga moto.

"Mbu huyo!" mzee akafoka.

Akafunga ya chuma kinene.

"Hii nayo inakoroma. Mwanangu alikuwa nguruwe?"

"Loo, mzee, leo umekuwa bingwa wa ekzosi! Si wewe uliyetaka kumwitia polisi?"

Kumbe miaka yote ile ya kulaani, usingizi haukumjia mzee mpaka ausikie mlio ule umeingia uani.

Iwase akaingia uvunguni mwa gari na ya tatu. Mzee akafumba macho. Ikanguruma: nzito, halafu kikohozi kidogo mguu unapoachia mafuta. Machozi yakamtoka.

"Ndiyo hii! Hii hii! Usiguse kitu!"

Spana ikaanguka. Iwase akajitokeza, uso umempauka.

"Mzee, sijawasha. Hata nati sijakaza."

Ufunguo ulikuwa mezani, kando ya birika la chai.

Iwase alikaza nati, na mzee akaondoka nayo hiyo hiyo. Njia nzima aliendesha taratibu, vinyweleo vimemsimama. Joto lote lile la Agosti, lakini upande wa kiti cha abiria ulitoa ubaridi kama friji iliyoachwa wazi.

Jua lilikuwa halijazama. Sadae alikuwa langoni, ameshawasha moto mdogo wa kumkaribisha marehemu. Gari liliposimama, hakumtazama mumewe kabisa. Alizunguka, akafungua mlango wa abiria, akainama.

"Jamani, umekonda, mwanangu," akasema.

Mzee Kuramochi aling'ang'ania usukani. Alitamani kugeuka, alitamani mno, lakini aliogopa asije akakuta kiti ni kitupu.