Simu Nilikatazwa, Seva Sikukatazwa

Jamani, hili ninalowasimulia lichekeni hapa hapa mlimalize, maana mpaka leo nikipita Miteja natembea kichwa chini nikijifanya nasoma simu, na mimi si mtu wa aibu aibu, nimezaliwa Kilwa Masoko kwa watu wenye midomo, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke niingie nikae humo hadi msimu mwingine wa korosho.

Kazi yangu ni kutunza seva za chama chetu cha ushirika. Kila ghala lina seva yake, yaani kompyuta inayokesha macho, inapokea uzito wa korosho za kila mkulima na kuutuma ofisini, na balaa lake ni kwamba zilinunuliwa nyakati tofauti na watu tofauti, kwa hiyo ya Tingi inatumia Linux, za Kikole na Miteja zinatumia Windows, ukitoa agizo moja hii inatii na ile inakutolea macho. Zamani nilikuwa nazizungukia kwa bodaboda, narudi na vumbi mpaka kwenye kope. Halafu nikajifunza programu za kuendesha mitambo kwa mbali: unaandika maagizo mara moja tu, kama ni Linux fanya hivi, kama ni Windows fanya vile, juu yake unataja ghala unalolitaka au unaandika "zote", unabonyeza, umemaliza, unakunywa chai. (Mama yangu alipoona nashinda kitini aliwaambia majirani naumwa mgongo.)

Sasa, Zuhura. Zuhura ni karani wa ghala la Tingi, na mjomba wangu alikuwa ameshanipelekea posa kwao. Baba yake, Mzee Ligunda, akasema jibu tutalipata korosho zake zikishauzwa, na akaongeza neno: "Mpaka nijibu, wasipigiane simu. Nikisikia wamepigiana, basi jibu mmeshalipata." Tukatii. Wallahi hatukupigiana hata mara moja. Lakini jamani, simu nilikatazwa, seva sikukatazwa! Nikatengeneza kijiagizo, kila adhuhuri seva ya Tingi iandike kwenye skrini ya Zuhura kwa herufi kubwa: MKE WANGU, UMEKULA? Akibonyeza "Sawa", mimi huku roho inatulia. Asipobonyeza, swali linarudi tena, na tena, mpaka ajibu, kwa sababu nilivyoumbwa sina subira. Nikajiona mjanja kweli, nimewapita wazee wote wa Tingi akili.

Siku ya mnada tulikuwa Miteja, uwanjani mbele ya ghala, turubai limefungwa, wakulima wamejaa, na bei za wanunuzi zinatoka kwenye seva na kuonekana kwenye kitambaa cheupe kikubwa ili kila mtu asome mwenyewe. Wakiridhika wanapaza sauti "Uza!", wasiporidhika utasikia "Hatuuzi!" mpaka masikio yazibe. Mzee Ligunda alikaa mbele kabisa. Korosho zake zote za mwaka zilikuwa kwenye mnada ule, na jibu langu lilikuwa humo humo.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia, nimevaa shati jipya, laptopu kwapani.

"Marahaba," akaniangalia nikiketi kwenye kiti cha plastiki. "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii ya kukaa?"

Iliniuma, nisiwafiche. Nikasema leo mzee ataona. Na kweli asubuhi ile nilikuwa nimefanya kazi ya maana, saa za seva zilikuwa hazilingani, nikafuta "Tingi" pale juu nikaandika "zote", nikazirekebisha kwa mpigo mmoja, hata zile Windows jeuri zikatii bila kinyongo. Nikafurahi mno, na katika kufurahi nikasahau kurudisha "Tingi" mahali pake. Kijiagizo changu cha adhuhuri nacho kilikuwa kinasoma pale pale.

Bei ya kwanza ilitoka, hatuuzi. Ya pili ikaanza kutokea, watu wamenyoosha shingo, na mara kitambaa chote, kutoka pembe hii hadi ile: MKE WANGU, UMEKULA?

Halafu mama mmoja nyuma huko akaitika kwa sauti ya deko, "Bado, mume wangu!"

Weee! Uwanja ulilipuka. "Na mimi bado!" "Tuletee wali, usisahau samaki!" Mzee mmoja akasimama na bakora yake anauliza kama wanaume nao wamo. Nikabonyeza "Sawa", swali likaondoka. Likarudi. Nikabonyeza, likarudi, maana lilikuwa linangoja maghala yote yajibu.

Katibu wetu, Mama Chilumba, mwanamke asiyecheka saa za kazi, akanisogelea. "Saidi, hiki ni nini?"

"Ni majaribio, mama," nikasema, kwa sauti, watu wote wakasikia. "Maneno tu ya majaribio. Hayana mwenyewe."

Simu yake ikaita, alikuwa mtunza ghala wa Kikole, mtu mzima, na anavyoongea huhitaji hata kuweka spika. "Katibu! Mtambo unaniita mke! Nimeuambia nimekula, bado unaniuliza! Mimi nina wajukuu, katibu!"

Hapo ndipo akili ikanitoka. Badala ya kusimamisha lile agizo, nikaandika "zima". Na pale juu, mnakumbuka, palikuwa bado pameandikwa "zote".

Zikazima zote. Kitambaa kikabaki cheupe pe, na kicheko kikakatika. Seva ukishaizima kwa mbali huiwashi kwa mbali, inataka kidole cha mtu, na wanunuzi walikuwa mtandaoni wanangoja, mnada ukivunjika wanaenda kununua kwingine na korosho za watu zinabaki ghalani kwa bei ya huruma. "Korosho zetu!" mtu akapiga kelele. Nikakimbilia ndani nikawasha ya Miteja, nayo ile Windows kwa kunikomoa ikaanza kujisasisha, ikaandika asilimia zake kwenye kitambaa, na wakulima wakawa wanazisoma kwa pamoja kama watoto wa chekechea, kila namba ikipanda wanageuka kuniangalia. Wa Kikole akawasha huku akilalamika. Ikabaki Tingi, na bila maghala yote kuwaka mnada hauendi.

"Mpigie Zuhura aiwashe," Mama Chilumba akasema.

Nikashika simu. Sikupiga.

"Saidi, mpigie!"

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

Mzee Ligunda akainuka taratibu. "Hawezi kwa sababu nilimkataza," akasema. Akatoa simu yake ya vitufe, akapiga, akaweka spika kwa vile masikio yake si mazuri. "Zuhura. Washa huo mtambo."

"Nimeshauwasha, baba. Ulivyozimika tu nikauwasha."

Mzee hakukata. Akanitazama mimi, akaisogeza simu mdomoni. "Na huyu mke anayeulizwa kama amekula, ni nani?"

Nikawa naomba moyoni, sema hujui, Zuhura, sema ni majaribio, mwenzako nimeshasema ni majaribio.

"Ni mimi, baba."

Mzee akakaa na simu mkononi. "Umekula?"

"Nimekula."

Akakata, akaketi, akamwambia katibu, "Endeleeni." Na bei ya tatu ilipotoka, ya kwanza kusikika ikisema "Uza!" ilikuwa sauti yake.

Jibu la posa aliletewa mjomba kabla wiki haijaisha. Mzee alisema hivi: "Ameshamwita mke mbele ya Kilwa nzima, nimpe nani tena?" Nyumbani kwetu vigelegele, mama analia, mimi najiona mshindi. Nikakimbilia uani kumpigia Zuhura, sasa simu halali. Nikaanza kumsimulia kwa mbwembwe jinsi nilivyohangaika na zile asilimia, nikitegemea atacheka.

Hakucheka. Akaniacha nimalize, kisha akasema polepole, "Watu wa Miteja wameniambia yote, Saidi. Wewe ulipoulizwa ulisema hayana mwenyewe. Mimi nilipoulizwa nilisema ni mimi."

Nikakaa chini pale pale uani, simu sikioni, vigelegele vikiendelea ndani.

Tumeoana, alhamdulillahi, na seva zangu ziko salama, siku hizi kabla ya kubonyeza nasoma jina la ghala kwa sauti na kidole juu ya skrini kama mtoto wa madrasa, na lile neno "zote" nimeapa kuliandika mikono ikiwa imetulia tu. Hilo ni jepesi. Lile jingine ndilo linaloniamsha, kwamba nilimkana mtoto wa watu kwa kuogopa kuchekwa, naye akanikubali bila kumwogopa hata baba yake. Amenisamehe, anasema. Mimi bado najaribu.