Mstari Uliozama Chini ya Sifuri

Jumatano, Novemba. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, haina nguvu wala haiishi. Ziwa lilikuwa limefumbwa na ukungu, na milima ya upande wa Kongo haikuonekana kabisa.

Nilifika steshenari pale Rusimbi kabla ya bosi, miguu imejaa tope la njia ya Buzebazeba. Nikafungua, nikawasha kompyuta, nikakaa mbele yake kama mtu aliyeitwa na daktari kupokea majibu.

Steshenari yetu inachapa mitihani ya sekondari. Barua na kadi za harusi kila mtu anachapa; sisi tunajulikana kwa hesabu, kwa sababu bosi ana programu moja ambayo grafu zake huzichori kwa mkono. Unaiandikia maagizo: weka mhimili wa kulala, weka wa kusimama, namba zianzie hapa, ziishie pale, pitisha mstari kwenye nukta hizi. Kisha unabonyeza, unasubiri, na inakutolea ukurasa uliopangwa kama kitabu cha kiada. Ukisahau kufunga bano moja tu, haikutolei kitu. Inakuletea lawama, mstari juu ya mstari.

Bosi alinifundisha kwa kunakili. Nachukua faili la zamani, nabadilisha namba. Shule niliishia kidato cha pili, na hili silisemi kwa kujidharau, nalisema ili anayesoma ajue kwamba nachora vitu ambavyo sikuwahi kufundishwa. Parabola naijua kama mtu anavyomjua jirani wa mtaa wa pili: sura naijua, habari zake sizijui.

Kazi ya siku ile ilikuwa mtihani wa kumaliza mwaka wa kidato cha tatu. Mwalimu wa hesabu, mama mmoja mpole wa maneno na mkali wa macho, alikuwa ameuleta jana yake ukiwa umeandikwa kwa kalamu, akasema angeufuata kesho yake alasiri. Alipoondoka bosi aliniambia, "Huu ukirudi na makosa, grafu nitampelekea yule kijana wa steshenari ya Mwanga. Wewe utabaki na fotokopi." Nisimwonee. Alisema kwa sauti ya kawaida, na shule ikimkimbia ni yeye atakayefunga duka. Lakini fotokopi anaiweza mwenyewe, wote wawili tunajua. Mimi ningerudi Kibirizi kuanika dagaa na mama, juani, kwenye mchanga. Si kazi mbaya, imetulea. Ila mgongo wangu hauiwezi tena tangu nilipojifungua, na mtoto bado ananyonya.

Basi nikaanza. Maswali ya mwanzo hayakunisumbua. La mwisho ndilo lilikuwa na grafu. Mwalimu alikuwa ametengeneza jedwali kwa habari za chombo kimoja cha wavuvi wa Kibirizi: juu ameandika siku za mwezi mwandamo, chini ndoo za dagaa zilizopatikana kila usiku. Katikati ya jedwali, kwenye siku za mbalamwezi, hakuandika namba. Aliweka vistari tu.

Kwa asiye mwenyeji: dagaa wa huku huvuliwa kwa taa. Giza likiwa zito wanaifuata taa, wavu unajaa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa na taa haina maana, kwa hiyo vyombo hupumzika. Watu wanashona nyavu, wanakunywa kahawa, wanalala kwao. Hilo mtoto wa hapa analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo nilipofika kwenye vile vistari sikujiuliza hata kidogo. Mbalamwezi hakuna dagaa. Nikajaza sifuri, sifuri, sifuri, mpaka vistari vikaisha.

Halafu nikaongeza lile neno linaloiagiza programu ilainishe mstari, usiwe na kona. Nilitaka upendeze. Nikabonyeza.

Ulipendeza kweli. Ulianza juu, ukateremka taratibu kama njia ya kushukia bandarini, ukafika chini, ukapanda tena upande wa pili. Niliutazama kwa furaha. Kisha nikaona pale chini ulipogusa mhimili haukusimama. Ulikuwa umeupita. Ulizama kidogo chini ya sifuri, ukatoka, na kabla ya kupanda ukazama tena.

Nikapangusa kioo kwa ncha ya kanga, nikidhani ni uchafu. Haukuwa uchafu.

Nilijiambia labda ndivyo hesabu ilivyo. Namba za chini ya sifuri zipo, nimezichapa mara nyingi, wenye elimu wanazitumia bila kucheka. Mimi ni nani wa kuzikataa? Lakini ndoo ya dagaa chini ya sifuri ni ndoo ya namna gani?

Bosi aliingia akikung'uta mwavuli. Akainama kwenye kioo.

"Mbona umetoka vizuri!"

"Bosi, angalia hapa chini."

"Wapi? Hapo? Aa, hiyo printa yetu hata haitaionyesha." Akageukia meza yake. Alikuwa na ratiba ya maziko ya kuchapa, wafiwa wanaisubiri, na haki ni kwamba maziko hayasubiri grafu. Sikumsumbua tena.

Kaka yangu akaingia na simu iliyozimika. Yeye ni mvuvi, na wiki ile vyombo vilikuwa vimepumzika, kwa hiyo alikuwa na siku nzima ya kuzurura na chaja.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Wenye ofisi mwakeye?" akatusalimu kwa lugha ya nyumbani. "Nipe tundu la umeme, simu imekufa." Akazunguka nyuma ya meza bila kuomba, kama kawaida yake, na macho yake yakatua kwenye kioo. Nilipaswa kuufunika ule ukurasa. Sikuufunika. Akasoma maneno ya kando ya mihimili, akafuata mstari kwa kidole.

"Hizi ni ndoo?"

"Ndoo za dagaa."

"Na hapa mstari umeingia chini?" Akaangua kicheko. "Chombo gani hiki kina huruma hivi? Kinatoka na ndoo nyumbani kwenda kuwamwaga dagaa ziwani?"

Hata bosi alicheka bila kuinua kichwa. Mimi sikucheka. Nikalifuta lile neno la kulainisha, nikabonyeza. Mstari ukatoka na kona, ukashuka mpaka sifuri, ukatambaa sawasawa juu ya mhimili, ukapanda. Nikapumua.

"Sasa je?"

Kaka akasogea. "Na hapa unapotambaa ni wapi?"

"Mbalamwezi. Sifuri."

"Nani kapata sifuri?"

"Nyie. Si mmelala?"

"Tumelala, ndiyo." Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Dada, sifuri ni ya mtu aliyewasha taa, akatupa wavu, akarudi na maji matupu. Hiyo ni fedheha. Nahodha akirudi na sifuri hapiti njia ya sokoni, anazungukia nyuma. Mimi wiki hii nimekosa wapi? Niko kwa mama, nakula."

"Kwenye hesabu ni yaleyale, kaka."

"Ni yaleyale? Haya, mimi nimepata sifuri kwenye huo mtihani wenu wa kidato cha tatu. Si sikuufanya!"

Bosi akasema, "Hapo amekushika."

Nikaichukua karatasi ya mwalimu nikaisogeza karibu na dirisha. Chini ya jedwali kulikuwa na swali kwa Kiingereza, nami nilikuwa nimelichapa herufi kwa herufi bila kulisoma. Nikatafuta maneno kwenye kamusi ya simu, moja baada ya jingine. Nilivyoelewa, swali liliuliza: kwa siku zipi kanuni hii ya siku na ndoo haina jibu lolote?

Vile vistari ndivyo vilikuwa swali lenyewe. Na mimi nilikuwa nimevifuta nikaweka jibu la uongo, na kama isingekuwa ule mstari kuzama, darasa zima lingetazama mchoro wangu, likaandika kwamba siku zote zina jibu, na likakosa. Naomba ieleweke vizuri: si kwamba kaka alimzidi mwalimu. Mwalimu alijua tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyejifanya mwenyeji mno.

Nikazitoa zile sifuri zote. Nikabonyeza. Programu ikaunganisha nukta ya mwisho kabla ya mbalamwezi na ya kwanza baada yake, ikavusha mstari mrefu juu ya siku zile, kana kwamba watu walivua wiki nzima. Uongo mwingine, tena huu ulikuwa mkubwa zaidi. Jasho likanitoka na mvua ile ile ikinyesha nje. Umeme ukayumba, taa ikafifia, ikarudi. Nilikuwa sijahifadhi. Nikahifadhi haraka.

Kisha nikakumbuka faili la zamani lenye mistari miwili inayokatana kwenye mihimili ileile. Nikalifungua, nikanakili. Mstari wa kwanza niliuagiza uishie siku ya mwisho ya giza. Wa pili niliuagiza uanze vyombo vilipotoka tena. Katikati sikuandika kitu. Ilinikataa mara ya kwanza, nilikuwa nimesahau alama ya kufungia agizo. Nikaiweka. Ikakubali. Mistari miwili, na kati yake karatasi nyeupe.

Bosi alipita, akasimama. "Ulikuwa mzima, umeuvunja?"

"Naona ndivyo anavyotaka."

"Unaona?"

"Naona, bosi. Sina hakika."

"Haya. Ukirudi, ni wewe." Ni haki yake kusema hivyo. Mimi pia ningesema.

Ningeweza kumpigia mwalimu, lakini alikuwa amekataza mambo ya mtihani kuzungumzwa kwenye simu. Na hapo ndipo jambo jingine liliponijia, likanikaa kifuani vibaya kuliko grafu: kaka ameuona mtihani. Hana mtoto kwenye ile shule, na muda huo alikuwa amesinzia kwenye benchi, kichwa ukutani. Lakini ana mdomo, na kijiwe cha kahawa kina masikio. Ule utani wa ndoo angeuhadithia kabla jua halijazama, na wazazi wa wanafunzi wanakaa kijiwe hichohicho. Nikimwambia mwalimu, kazi imekwenda. Nisipomwambia, kuna mtoto atakayesikia na mwingine hatasikia.

Nikamwamsha kaka. "Usiisimulie ile picha."

"Picha gani?"

"Ya ndoo."

"Mbona tamu?"

"Kaka, nakuomba. Ni mtihani wa watu."

Akanitazama, akaona uso wangu, akachukua simu yake ikiwa haijajaa hata nusu. "Sisemi. Lakini wewe nawe, umenikaribisha jikoni halafu unaniambia nisinuse." Akaondoka.

Mwalimu alifika alasiri, viatu mkononi, miguu imelowa. Nilimpa kiti na karatasi. Alisoma kurasa zote bila neno. Alipofika kwenye grafu aliacha kugeuza. Mimi nilikuwa nikiangalia kidole chake, na kidole kilikuwa kwenye ile nafasi nyeupe.

"Hapa umekata kwa makusudi?"

"Ndiyo, mwalimu. Hawakutoka kuvua, kwa hiyo nimeona hakuna namba. Mwanzoni nilijaza sifuri. Nikafuta."

"Vizuri." Neno moja tu, na akageuza ukurasa. Ningeweza kunyamaza. Bosi alikuwa anatabasamu.

"Mwalimu, kuna jambo. Kaka yangu aliuona mchoro huo. Alikuja kuchaji simu, mimi sikuufunika. Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu sifuri."

Tabasamu la bosi likaondoka. Mwalimu akaiweka karatasi mezani, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Aliona swali, au mchoro?"

"Mchoro. Kiingereza hasomi. Ila sikukaa nikimwangalia macho, siwezi kuapa."

"Nilisema mtihani hauonwi na mtu?"

"Ulisema, mwalimu."

Bosi akaanza, "Mwalimu, tusamehe, huyu bado anajifunza," mwalimu akamwinulia kiganja, si kwa hasira. Akatoa kalamu.

"Nitatoa dagaa. Tutaweka kitu kingine." Akafikiri. "Kivuko. Abiria kwa kila saa, na saa ambazo hakifanyi safari. Chora sasa hivi, nikiwa hapa. Bosi, mlango."

Bosi akafunga mlango. Nikachora mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake naisikia sikioni, na vidole vyangu vikawa kama vya mtu mwingine. Nilikosea bano, nikakosea tena. Grafu ilipotoka, na nafasi yake nyeupe katikati, aliichunguza, akaniagiza nisogeze neno moja la mhimili, nikasogeza. Tukachapa nakala. Akaniamuru nifute faili lile la dagaa mbele yake, nikafuta.

Mlangoni akamwambia bosi, "Wa kidato cha kwanza nitauleta kesho. Utafanywa asubuhi kabla hamjafungua, na huyu peke yake. Nikikuta mtu mwingine ndani, nahama."

"Huyu?" akauliza bosi.

"Huyu."

Akavaa viatu, akaingia mvuani. Bosi hakunigombeza. Aliniambia nifike mapema na nisije na ndugu. Sijui kama hiyo ni kusamehewa au ni kuwekwa kwenye mizani, na njia nzima ya kurudi Buzebazeba nilikuwa nikirudia kichwani ile mistari miwili, nikiogopa kwamba mmoja nimeuanzisha saa siyo.

Nyumbani kaka alikuwa amekwishafika, amembeba mtoto wangu. Aliniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa kwamba yamekwisha, ingawa sikuwa na hakika. Mama alipakua ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na pilipili mbuzi moja tuliyogawana.