Chuma cha Marehemu

Kwenye kivuko cha Sengerema juzi, mwalimu kijana alikuwa akimsomea mwenzake gazeti. Tangu mtu arushwe angani mwaka huu, safari haipiti bila mazungumzo hayo.

"Elementi zinazounda vitu vyote ni zilezile kila mahali," alisema. "Chuma kilichomo damuni mwetu kimo hata kwenye nyota. Kwa nini huko kusiwe na uhai?"

Mbele yake, mama mmoja aliyejifunga kaniki ya msiba alikuwa akimmegea binti yake mjamzito udongo wa kula. Mkono wake ukasimama.

"Mwalimu, hata udongo huu una chuma?"

"Unacho, mama. Ndiyo maana wajawazito wanautamani."

"Na mtu aliyekufa?"

Mwalimu alikunja gazeti taratibu. "Anacho kilekile. Hakipungui."

"Jumamosi tumemzika baba yake huyu," mama alisema. "Kumbe chuma na vyote vingine vilikuwemo mwilini mwake."

Binti alipokea udongo wake akatafuna polepole, mkono mmoja tumboni.

Wanaotafuta uhai kwenye nyota nawatakia safari njema. Lakini wakikikuta chuma huko, wasiharakishe kututangazia. Sisi wa kivukoni tunajua kwamba chuma kinaweza kuwepo, na mtu asiwepo.